Wekundu Usiojua Kuficha

Huyu tunayemsindikiza leo alikuja duniani tarehe 9 Agosti 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa kwanza wa karani wa mizigo na fundi cherehani. Bibi yetu aliyemzaa alipenda kusimulia kwamba mtoto yule hakulia sana. Alikunja uso na kutazama huku na huku, kana kwamba ameingia chumbani akakuta mtu ameacha jiko linawaka. Sura hiyo aliishi nayo. Katika picha ya harusi yake anaonekana akitazama pembeni, na mwenyewe alitueleza kwamba alikuwa akiuangalia waya wa spika uliopita mlangoni, asije mgeni akajikwaa.

Sisi watoto wa mdogo wake tulimwita Mama Mkubwa. Kazini aliitwa Bi Jicho. Majina yote mawili aliyaitikia, ila kwanza aliuliza, "Kuna nini?"

Jicho lenyewe alilipata akiwa mdogo. Mama yake alikuwa akimtuma dukani na kipande cha kitambaa, anunue uzi wa kufanana nacho. Watoto wengine wangerudi na uzi wowote ulio mwekundu, wakapokea chenji, wakaenda kucheza. Yeye alimwomba mwenye duka amruhusu atoke na roli za uzi mpaka barazani, juani, kwa sababu taa ya ndani, alisema, inadanganya. Mwenye duka alikereka, akadai mtoto yule atamfilisi kwa kuhakiki. Lakini hakuna nguo ya bibi yetu iliyowahi kurudishwa kwa kosa la uzi, na mwishowe mwenye duka mwenyewe akawa anamwita barazani amchagulie.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akaingia sekondari mwaka 1972, na mwaka 1978 akapata cheti cha ufundi wa maabara. Walimu walimsifu kwa kemia na wakamwonya kwa kufuta. Katika mtihani wa mwisho alifuta jibu sahihi, akaliandika tena, akalitilia shaka, akalifuta tena, mpaka karatasi ikatoboka. Ikabidi aandike jibu lile lile pembeni ya tundu. Alifaulu, ila kwa miezi yote ya kungoja matokeo aliamini kwamba msahihishaji ameshika karatasi ile, akachungulia tunduni, akampa sifuri.

Tarehe 3 Septemba 1979 aliajiriwa kama msaidizi wa maabara katika kiwanda cha vinywaji vya chupa, kile chenye geti la bluu mkabala na soko la mbao. Alistaafu hapo hapo mwaka 2017 akiwa msimamizi wa rangi na ladha. Kiwanda kilitengeneza vinywaji vya aina kadhaa, lakini kilichokilisha ni kile chekundu. Ndicho kilichonywewa harusini, getini mwa shule, na kwa mgonjwa aliyekataa vyote. Kila asubuhi Mama Mkubwa alichukua chupa ya kwanza, akaipeleka dirishani, akaikabili nuru, akakunja uso. Kiwanda kizima kilisubiri uso ukunjuke ndipo mitambo iendelee. Kuna siku ulichelewa kukunjuka, na mkurugenzi akawa anatembea korido nzima akijipangusa shingo.

Miaka hiyo wekundu ulitoka kwenye kopo, unga wa kutengenezwa viwandani. Ulikuwa mwekundu leo, ungekuwa mwekundu mwaka kesho, na ukidondokea shati, umeagana na shati. Haukuwa na habari na jua, joto wala limau. Mama Mkubwa hakuwa na neno nao. Alisema tu kwamba unga ule haujawahi kumwambia kitu.

Hapo kiwandani ndipo alipokutana na Baba Mkubwa, ambaye wengi mnamfahamu kwa jina la Fundi. Yeye ndiye aliyeangalia mashine ya kuoshea chupa. Chupa za kioo zilikuwa zikirudi kutoka madukani na mchanga, vipisi vya sigara, na mara moja mjusi mzima. Mashine ile, ndefu mithili ya behewa, ilizilowesha kwenye kostiki ya moto, ile dawa ya magadi makali inayobabua ngozi, kisha ikazisuuza kwa maji yaliyorushwa ndani na safu ya vitundu. Fundi alianza kupeleka maabara, kila asubuhi, chupa moja aliyoiona safi kuliko zote. Mama Mkubwa aliirudisha ikiwa na alama ya chaki mahali alipoona doa. Mchezo huo uliendelea mpaka siku chupa iliporudi bila alama, na Fundi, kwa maneno yake mwenyewe, akajua kwamba mambo yameiva.

Alipochumbiwa, Mama Mkubwa alitoa sharti moja. Alimwambia hivi: "Mimi nina wasiwasi, sitabadilika. Ila usiniambie 'usijali' kabla hujakwenda kuangalia. Nitajua, na sitalala." Fundi aliahidi. Walifunga ndoa tarehe 21 Aprili 1984, wakajaliwa binti na kijana, na kwa miaka mingi tuliokuwa tukilala kwao tulimwona Baba Mkubwa akiamka kitandani, akitembea na kandambili mpaka jikoni, akigusa jiko kwa mkono, akirudi kusema, "Nimeangalia. Limezimwa." Hapo nyumba ililala.

Mwaka 2006 kiwanda kiliamua kuachana na kopo. Wazazi walikuwa wameanza kusoma maandishi madogo kwenye lebo, na mkurugenzi alitaka lebo yake iandikwe "rangi asilia". Wafanyabiashara walipanga foleni na vichupa vyao. Mmoja alileta wekundu mzuri ajabu, usiopauka juani wala kwenye moto, na kila mtu mezani akafurahi hadi mkurugenzi alipouliza unatokana na tunda gani. Yule bwana akasema si tunda, ni vidudu, vinakaushwa na kusagwa. Mkurugenzi alifunga kichupa polepole, akakirudisha kwa vidole viwili. Mama Mkubwa alisema kwa haki kwamba kwa kudumu, wale vidudu waliwashinda wote. Lakini nani angemweleza bibi harusi?

Wakachagua maua ya rozela yaliyokaushwa. Hapo ndipo wasiwasi wa Mama Mkubwa ulipopata kazi ya kudumu. Rangi ya ua ni kitu hai. Ikiwa na limau inang'aa. Ikiachwa juani inapauka. Ikikaa kwenye joto inachoka. Ikikutana na magadi inageuka zambarau, na magadi yakizidi inakuwa ya bluu kabisa. Alitufundisha hayo jikoni kwake, kwa bakuli la maji ya rozela na mapovu ya sabuni, sisi tukidhani ni mazingaombwe. Aliweka chupa moja kwenye dirisha la jikoni, upande wa jua, ili aone itapauka lini. Ilipopauka aliweka nyingine. Hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa. Asubuhi, kabla hajatusalimia sisi, aliisalimia chupa.

Na alikuwa na neno alilolirudia mpaka tukalichoka: kupauka si kuharibika. Watu waliona chupa iliyopauka wakasema kinywaji kimekufa. Yeye akasema hapana, rangi imeondoka, kinywaji kipo. Hatukumwamini hata kidogo, na hakuna aliyekubali kuonja.

Sehemu inayofuata ilileta mabishano jana sebuleni. Wapo waliosema wasifu wa marehemu si mahali pa kuanika mambo ya ndani, na kwamba aliyeguswa nayo amekaa mstari wa mbele, amefiwa na mke, moyo wake mbichi. Baba Mkubwa alisikiliza yote, akasema, "Isomwe. Yeye mwenyewe angeisoma." Basi inasomwa.

Mwezi wa Februari 2007 chupa zilianza kurudi kutoka madukani. Katika kreti moja ungekuta nyekundu zimejaa, na katikati yake moja ya zambarau iliyofifia, kama mtu aliyeamka na homa. Wenye maduka walisema kinywaji kimechacha. Mkurugenzi alisema ua limeshindwa, na akatangaza kwamba Ijumaa kutakuwa na kikao cha kurudi kwenye unga wa kopo. Mama Mkubwa aliacha kula. Ua lile yeye ndiye aliyelipigania, akalitetea mbele ya wakubwa, na sasa lilikuwa linamwaibisha hadharani, tena bila yeye kujua kwa nini.

Alirudi kwenye pipa la kuchanganyia: jekundu. Akaangalia chupa zilizojazwa siku moja, saa moja: nyingi nyekundu, chache zambarau. Akawaza kwamba kama kinywaji ni kile kile, basi tofauti iko kwenye chupa. Asubuhi ya Alhamisi alisimama mwisho wa mashine ya kuoshea, akachukua chupa tupu kutoka kila nafasi ya safu, tangu ile iliyo karibu na mtu mpaka ile iliyo ukutani, akatia ndani ya kila moja maji kidogo ya rozela. Nyingine zote zilibaki nyekundu. Ya ukutani ikageuka bluu, bluu ya wino.

Kitundu cha kusuuzia cha upande wa ukutani kilikuwa kimezibwa na chokaa inayoachwa na maji. Chupa zilizopita hapo zilioshwa kwa kostiki na hazikusuuzwa vizuri, zikaenda kujazwa na dawa ile ikiwa bado iko chini. Na kumbe si kwamba chupa hazikuwa zikipimwa. Fundi alizipima kila asubuhi kwa matone ya maabara yanayoonyesha magadi, wala hakuruka hata siku moja. Ila alichukua chupa za upande aliosimama, kwa sababu kuifikia ya ukutani kulitaka kuinama chini ya bomba la moto lililokwisha kumbabua mara kadhaa. Alipima kwa uaminifu kabisa, mahali pasipo na kosa. Tangu lini kitundu kiliziba, hakuna aliyejua, maana unga wa kopo ulibaki mwekundu juu ya kila kitu. Kulikuwa na wateja miaka ya nyuma waliolalamika ladha ya sabuni. Wakaambiwa labda wamepiga mswaki vibaya.

Hayo Mama Mkubwa aliyabeba mpaka nyumbani. Binti yake, aliyekuwa akimenya viazi jikoni jioni ile, anakumbuka kwamba mama alivaa aproni, akaivua, akaivaa tena.

"Kitundu cha ukutani kimeziba," alimwambia mumewe. "Sijui tangu lini."

Fundi aliweka kikombe chini. Akasema atakizibua asubuhi kabla mtu hajafika, na yaishe.

"Na zilizokwisha kwenda madukani, nani atazizibua?"

Fundi alisema watamwondoa kwenye mashine. Mama Mkubwa alisema anajua. Fundi akasema wakubwa wameshaamini kwamba kosa ni la rangi, basi waachwe waamini. Rangi haina watoto wa kusomesha. Ni maneno ya mtu aliyebanwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeomba yaandikwe hapa kama yalivyotoka. Mama Mkubwa alianza kulia, akasema kwamba watoto hao wanaosomeshwa wanakunywa kutoka chupa hizo hizo. Viazi vya siku ile havikupikwa.

Ijumaa alisimama kikaoni. Waliokuwapo wanasema alishika kiti cha mbele yake kwa mikono yote miwili. Alieleza tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakutaja jina la mtu, lakini mashine ya kuoshea ilikuwa na fundi mmoja, na kila aliyekuwa mezani alijua fundi huyo analala nyumba gani. Chupa zote zikakusanywa madukani na kumwagwa, hasara juu ya hasara. Fundi akatolewa kwenye mashine, akapelekwa uani kupanga makreti. Hakuna aliyeumia ambaye habari zake zilitufikia. Neno hilo, "zilitufikia", ndilo lililomnyima Mama Mkubwa usingizi kwa muda mrefu. Alikuwa akitazama midomo ya watoto barabarani.

Nyumbani mambo yaliharibika. Baba Mkubwa alihamia kochini. Aliwasiliana na mkewe kupitia watoto: mwambieni mama yenu chumvi imezidi, mwambieni mama yenu bomba linavuja. Mama Mkubwa naye alijibu kwa njia hiyo hiyo, na wakati mwingine wote wanne wakiwa meza moja. Tuliokuwa wadogo tuliona ni kichekesho. Mama yetu, mdogo wake, hakuona hivyo; alikuwa akimkuta dada yake amesimama jikoni, mkono juu ya jiko baridi, akijiangalilia mwenyewe kama limezimwa.

Ugomvi huo ulimalizika hivi. Asubuhi moja ya mwezi wa Juni, Fundi alifungua kabati la jikoni, akachukua mtungi wa maji ya rozela, akaondoka nao bila kuaga. Hakuwa na ruhusa ya kuikaribia mashine. Aliikaribia hivyo hivyo, akapita chini ya bomba, akapima chupa za kila nafasi. Alirudi jioni mkono wake wa kulia umebabuka tangu kiwiko. Alisimama mlangoni mwa jikoni, akasema, "Nimeliuliza ua. Zote nyekundu, mpaka ya ukutani." Mama Mkubwa alimpaka dawa ya kuungua, na usiku ule kochi lilibaki na mito yake tu.

Kuanzia hapo likawa desturi ya kiwanda. Kabla ya kujaza, chupa kutoka kila nafasi zinatiwa tone la maji ya ua, na ya kwanza ni ya ukutani. Wafanyakazi wanaita kuuliza ua. Mwaka uliofuata Fundi alirudishiwa mashine yake, na rangi ya ua haikuguswa tena. Nyumbani nasi tukalichukua neno. Kijana akirudi amechelewa na hadithi ndefu, dada yake alimwambia tu, "Tuulize ua?"

Mwanzoni mwa mwaka 2016, Mama Mkubwa alianza kusema wekundu unapauka kabla hata haujatoka kiwandani. Alisimamisha mitambo, akaongeza ua. Kesho yake akaongeza tena. Kipima rangi cha maabara kilionyesha hakuna tatizo. Akasema kifaa kimezeeka. Akawauliza wasaidizi wake, nao, kwa heshima na kwa kumwogopa, wakatazama chupa, wakasema, "Kweli mama, imefifia kidogo." Nani angesimama na Bi Jicho ambishie rangi? Kinywaji kikazidi kukolea, mpaka wenye maduka wakauliza kama siku hizi wanauziwa dawa ya kikohozi. Mama Mkubwa aliwasikia, akaogopa zaidi. Alihisi kuna kitu kinamtoroka, na kila aliyemuuliza alimtuliza.

Baba Mkubwa wakati huo alikuwa ameshastaafu. Jumapili moja mkewe alimwekea mbele chupa mbili, ya zamani na mpya, akamtaka aseme ipi imepauka. Alizichukua zote mbili, akatoka nazo barazani, juani, akakaa huko kwa muda. Binti yao alikuwapo. Anasema baba alirudi amebadilika rangi yeye mwenyewe.

"Hakuna iliyopauka," alisema. "Rangi ni nzima. Ni jicho lako, mama watoto."

Mama Mkubwa alikasirika. Alimwambia kwamba anamlipizia ya mwaka 2007, kwamba amengoja miaka yote hii ampate. Baba Mkubwa alikaa pale pale kitini akiwa amezishika zile chupa mapajani, na machozi yalikuwa yakimtoka. Hapo ndipo Mama Mkubwa alipozichukua, akaenda dirishani, akaziba jicho la kulia kwa kiganja. Akatazama. Kisha akaziba la kushoto. Akarudia, na kurudia tena. Kwa jicho moja chupa ilikuwa nyekundu. Kwa la pili ilikuwa na rangi ya tofali.

Hospitali, daktari wa macho aliinua chupa ndogo ya dawa yenye kifuniko chekundu na kumwuliza jicho moja moja anaona nini. Mama Mkubwa alicheka kidogo, akasema hata huku wanatumia njia zake. Picha zilionyesha uvimbe nyuma ya macho, unabana mshipa wa kuonea, na wekundu ndio uliotangulia kuondoka. Alipasuliwa tarehe 11 Oktoba 2016. Daktari alieleza wazi kwamba angechelewa kidogo tu, macho yote mawili yangekwenda. Jicho la kushoto lilipona. Kwa jicho hilo aliona harusi ya binti yake, aliona wajukuu, na aliona doa kwenye kila glasi tuliyompa.

Wale wasaidizi walikuja kumtazama, wakiwa na aibu. Aliwapokea vizuri, akawapa chai, akawauliza jambo moja: siku ile waliposema imefifia, walikuwa wanamsaidia nani? Mmoja wao yuko hapa leo na ndiye msimamizi wa rangi sasa.

Uvimbe ulirudi Novemba 2021. Safari hii madaktari walisema kichwa hakitahimili kisu kingine. Siku ya mwaka mpya, akiwa bado anaona kidogo, aliweka chupa kwenye dirisha la chumba chake kwa mkono wake mwenyewe. Mwezi wa Machi giza likatimia. Tangu hapo, kila aliyeingia aliulizwa, kabla ya salamu, "Bado nyekundu?"

Na sisi sote, binti yake, kijana wake, wapwa, majirani, tulijibu, "Bado nyekundu, mama." Tungesemaje? Alijibu, "Mm," akageuza uso. Halafu akakaa macho mchana kutwa na usiku kucha, akipapasa shuka, akiuliza kama mlango umefungwa, kama gesi imezimwa, nasi tukimwambia usijali, usijali. Kadiri tulivyomtuliza ndivyo alivyozidi kuhangaika. Mpaka leo inatuuma kwamba tuliona hivyo na bado hatukuelewa.

Mwishoni mwa Mei, asubuhi moja, hakumuuliza aliyeingia. Alimwita mumewe. "Fundi," alisema, "kaniangalizie."

Baba Mkubwa aliichukua ile chupa dirishani, akatoka nayo barazani. Tuliokuwa chumbani tulitazamana, na binti yake akanyanyuka nusu, amzuie. Alikuwa ameshatoka. Alirudi, akaketi kitandani.

"Imepauka," alimwambia. "Imekuwa chai ya majani ya jana. Mtu asiyejua hawezi kusema ilikuwa nyekundu."

Uso wa Mama Mkubwa, ule uliokunjwa tangu mwaka 1958, ukakunjuka wote.

"Ahsante," alisema. "Basi nifungulie."

Baba Mkubwa alifungua, akamshikia. Alikunywa funda moja, akapumzika, akanywa la pili. Akaitikia kwa kichwa, akatuelekezea uso sisi wengine, pale alipojua tumesimama.

"Si niliwaambia? Utamu uko pale pale."

Akalala. Alilala siku ile mpaka jioni, bila kupapasa shuka. Tukaionja ile chupa, mmoja baada ya mwingine, kwa mara ya kwanza baada ya kuambiwa miaka yote ile. Alisema kweli.

Mama Mkubwa aliaga dunia nyumbani kwake tarehe 2 Juni 2022, mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe, ule wenye kovu tangu kiwiko.

Ameacha mume, Fundi, binti na mkwe, kijana, wajukuu watatu, ambao wa mwisho wao tayari anakunja uso, mdogo wake mmoja, mama yetu, na sisi wapwa. Ameacha pia wenzake wa kiwandani, ambao wametuomba tutaje kwamba leo, kabla ya kufunga geti na kuja hapa, waliuliza ua mpaka chupa ya ukutani.

Mama Mkubwa, leo tumetoka nyumbani wote kwa pamoja, na tunajua ungeuliza. Hatukuambii usijali. Baba Mkubwa alirudi kutoka getini, akaingia jikoni, akagusa kwa mkono. Ameangalia. Limezimwa. Pumzika sasa, kwa amani.